Bei Mbili za Bima ya Gari la Betri

Wasomaji wapendwa, mniwie radhi kwa hati yangu mbaya na kwa maneno nitakayokosea kuyaandika. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mkono wangu ni mzito. Barua ya ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, kwa hiyo bora niandike polepole kuliko ninyamaze kabisa.

Habari yenyewe ni ya bima ya gari. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwoka mikate hapa Temeke. Mwaka jana Mzungu mmoja mfuga ng'ombe wa maziwa alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vyake. Kimojawapo kilikuwa gari dogo la kupelekea maziwa, aliloletewa kwa meli. Gari hilo halinywi petroli wala halina injini. Chini ya sakafu yake yamepangwa mabetri makubwa, na yakishajazwa umeme linakwenda bila kelele. Mtu huligundua likiwa tayari mgongoni kwake. Mjomba aliliona mara moja tu, akalitaka. Akauza shamba la minazi la Kimbiji alilorithi kwa babu, akalinunua. Mkewe hakusema naye siku mbili.

Haikuwa tamaa tu. Mkandarasi wa barabara upande wa Kipawa alikuwa anatafuta mtu wa kupeleka mikate kila asubuhi kwenye kambi ya vibarua wake. Alimpa mjomba kazi hiyo kwa sharti: Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, aone cheti cha bima kwa macho yake, na Jumatatu mikate ifike kwa gari. Ikipita saa sita, kazi inakwenda kwa mwoka mikate mwingine. Bila kazi ile, gari lingebaki kuwa kabati la mabati uani kwetu, na shamba ndiyo limeshakwenda.

Dereva ni mie. Leseni nilikuwa nayo. Bima ndiyo hatukuwa nayo, na sheria hairuhusu gari lisilo na bima kutia gurudumu barabarani. Mjomba alikuwa amebakiwa na shilingi mia tatu. Jirani yetu mwenye lori la mchanga alituambia kwamba yeye hulipa mia mbili na themanini kwa mwaka, tukatulia. Tuliona kwamba ikiwa lori zima hulipa hivyo, letu lingelipa nusu.

Alhamisi tulikwenda mjini. Mjomba anasoma vizuri sana herufi za Kiarabu, lakini hizi nyingine ananiachia mie. Ofisi ya kwanza ilikuwa na karani kijana, mtu wa bara, amefunga tai. Alimwamkia mjomba shikamoo, akatupa viti.

"Gari lina nguvu za farasi ngapi?" aliniuliza.

"Halina," nilisema.

"Sema kwa sauti, ndugu yangu. Hapa hatuli watu."

"Halina injini. Linakwenda kwa betri."

Karani alimgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Njoo usikie! Huyu anataka kukata bima ya tochi!"

Walicheka mpaka nikatamani niingie chini ya kiti. Kisha karani alifungua kitabu chake cha bei. Magari yote yalikuwa yamepangwa kwa nguvu za farasi, na gari lisilo na farasi hata mmoja halikuwa na mstari wake. Alishusha kidole mpaka chini kabisa ya ukurasa, akaliweka letu pamoja na malori makubwa. Alisema hivyo ndivyo salama.

Baada ya hapo aliuliza hali ya gari, na mjomba akajibu mwenyewe.

"Aa, mkweche tu, mwanangu. Debe."

"Breki zake?"

"Zikitaka, zinashika."

"Limewahi kupata ajali?"

"Mungu ndiye anayejua lilikotoka."

Karani aliandika yote. Akatupa karatasi yenye bei: shilingi mia tano na arobaini.

Tuliondoka, tukaenda kwa wakala wa pili, Mhindi wa makamo mwenye ofisi nyuma ya duka la madaftari. Huyu hakucheka. Aliuliza gari linabeba mzigo wa uzito gani, akaandika, kisha akauliza hali yake kama yule wa kwanza. Mjomba akarudia vilevile: debe, breki zikitaka. Bei aliyotuandikia huyu kwenye karatasi ilikuwa mia nne na sitini. Nafuu, lakini hatukuwa nazo.

Ijumaa, baada ya sala, niliziweka karatasi mbili kwenye meza ya kukandia unga, nikazilinganisha mstari kwa mstari. Nasoma polepole, na siku ile jambo hilo lilinisaidia. Kwenye karatasi ya wakala wa pili bei ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Juu, kwa ajili ya uzito wa mzigo: mia mbili na thelathini. Chini, kwa ajili ya ubovu wa gari: mia mbili na thelathini nyingine. Nilirudia kusoma. Nusu ya pesa ile haikutoka kwenye gari. Ilitoka kinywani mwa mjomba.

Na mjomba hakuwa mwongo. Kwetu mtu hasifu kitu chake. Mtoto akizaliwa mzuri, mama yake humwita kijitu kibaya. Mkate ukiumuka vizuri, mjomba huwaambia wanunuzi kwamba leo mikono haikumkaa sawa. Husuda huanzia kwenye sifa, ndivyo tulivyolelewa, na mtu aliyeweka shamba la babu ndani ya gari moja ana haki ya kuogopa macho ya watu. Kumbe kwa wakala wa bima kila alichokisema kwa kujikinga kiliandikwa kwa wino na kutiwa bei.

Nilijua pia kwamba ile barua ya mkaguzi wa magari wa serikali, tuliyopewa na Mzungu siku ya kununua, mjomba alikuwa nayo mfukoni mwa kanzu kwenye ofisi zote mbili. Hakuitoa.

Nilimfuata kwenye tanuri, nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo.

"Unataka nikae mbele ya watu nisifu gari langu?"

"Usisifu, mjomba. Toa barua tu."

"Barua inasifu kuliko mie."

Akaingiza mikate tanurini, na mie nikarudi kwenye unga.

Jumamosi tulifika kwa wakala wa pili saa tano na nusu. Ofisi ilikuwa inafungwa saa sita, na nyumba ya mkandarasi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Walikuwepo watu wengine wakingoja: mwalimu mmoja wa bara na mkewe, Mwarabu mwenye duka, na mtu wa kofia ya kaki aliyesimama mlangoni akila karanga.

Mjomba alimwomba wakala apunguze. Wakala alivua miwani.

"Mzee, mimi natoza kwa maneno ya mtu. Wewe umesema breki zikitaka zinashika. Siku zisipotaka, gari likamgonga mtoto wa watu, nani atalipa? Mimi. Basi lazima nikutoze."

"Nina mia tatu."

"Siwezi."

Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro dakika ishirini. Mjomba akaanza kukusanya kanzu yake ainuke. Kumkosoa mjomba wako mbele ya wageni, kwetu, ni kama kumvua kilemba. Lakini nilimwona anainuka, nikaona na minazi ya Kimbiji inaondoka naye.

"Mjomba," nilisema, "ipo barua."

Hakugeuka. "Huyu kijana hajala tangu asubuhi," alimwambia wakala.

"Ipo mfukoni mwako. Ya mkaguzi."

Watu wote walituangalia. Wakala alinyoosha mkono, lakini mjomba hakumpa. Alinitazama mie kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Kisha akatoa barua, akanitupia mapajani.

"Soma wewe, kwa kuwa umeshaota mdomo. Lakini kila mstari, wote waliomo humu waseme Mashaallah. Asiyetaka atoke. La sivyo narudi nyumbani kwenye mikate yangu."

"Haya, soma, soma," alisema wakala, akitazama saa.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikiigeuza Kiswahili, jasho likidondokea karatasi.

"Breki zote nne ni nzima."

"Mashaallah," walisema. Mwalimu na mkewe waliitamka kwa kujikongoja, lakini waliitamka. Wakala naye, kalamu ikiwa mdomoni.

"Usukani hauna kasoro."

"Mashaallah."

"Mabetri yamebadilishwa yote."

"Mashaallah," alisema Mwarabu. "Mzee, gari hili utaniuzia lini?"

"Nyamaza, ndugu yangu, nakuomba," mjomba alisema.

"Gari hili halijapata ajali yoyote."

Walisema tena. Hapo mjomba aligeuka kuelekea mlangoni, nami nikageuka. Yule wa kofia ya kaki alikuwa anatafuna karanga. Alikuwa ametutazama muda wote, na Mashaallah hakuisema hata mara moja. Kabla mjomba hajafungua kinywa, alikung'uta maganda, akaenda zake.

Wakala alikata mstari wa chini kwa kalamu nyekundu. Ikabaki mia mbili na thelathini. Akagonga muhuri, nikakimbia na cheti, mjomba nyuma yangu ameshika kanzu kwa mikono miwili. Mkandarasi alikisoma kibarazani kwake, akatazama saa yake, akasema, "Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Msichelewe." Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Jumatatu mikate ilifika Kipawa ingali ya moto, na mpaka leo inafika. Gari halijatusumbua, na kazi tunayo. Ila mjomba hajalipanda hata siku moja. Hunifuata kwa baiskeli, mvua na jua, na mie sina budi kwenda taratibu asiachwe. Vibarua wakimuuliza kwa nini hapandi gari lake, huwajibu kwamba kuna mtu mmoja hajasema. Mie hanilaumu kwa maneno. Lakini kila nikikanyaga breki namwona kwenye kioo ameinua kichwa, anangoja, mpaka gari lisimame.

Kwa wanaotaka kukata bima, ushauri wangu ni kwamba wasiangalie bei ya chini tu. Waulize kila shilingi imewekwa kwa sababu gani. Na wewe uliyekuwa umesimama mlangoni Jumamosi ile unakula karanga, kama gazeti hili limekufikia, sikutuhumu ubaya wowote. Niandikie kwa njia ya mhariri, neno moja tu linatosha, nimsomee mjomba. Na wengine wenye mjomba kama wangu, niandikieni pia. Nielezeni mngesema, au mngenyamaza.