Stoo ya Kahawa na Maganda ya Maharage

Mama mkwe wangu alikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo alinizidi cheo. Nasema hivi bila kinyongo. Mimi nilifika kwake, huko juu ya Maji ya Chai, kwenye mteremko wa Mlima Meru, na masanduku mawili na barua ya kupunguzwa kazi. Ng'ombe alikuwa na mimba.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Nilikuwa mpiga chapa mjini Arusha, tumepanga vyumba viwili Kimandolu. Kazi ilipokwisha, mume wangu alibaki mjini na ufundi wake wa magari kule Sakina, nami nikapanda mlimani kukaa kwa mama yake, kwa muda tu, tukaambiana.

Kahawa nayo ilikuwa imeshuka bei hadi watu wakaing'oa na kupanda maharage. Stoo ya kahawa ya mama mkwe ilibaki tupu nyuma ya nyumba, kuta za mbao, bati zima, baridi hata saa saba mchana. Nilipoiona tu nikaipenda. Nilikuwa nimehudhuria semina ya akina mama kuhusu kilimo cha uyoga, nikarudi na chupa mbili za mbegu, yaani punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe. Uyoga, tuliambiwa, hauhitaji shamba. Unakula mabaki, na chakula unachokipenda ni maganda makavu yanayobaki baada ya kupura maharage.

Tatizo, ng'ombe naye alikula maganda hayo hayo. Tena banda lake lilikuwa linavuja.

"Stoo nakuachia mpaka vuli," alisema mama mkwe. "Mvua ya kwanza ikinyesha, ng'ombe anaingia humo. Hawezi kuzalia kwenye tope."

"Sawa, Mama."

"Na maganda yangu usiyamalize. Nyie Wachaga mkipewa kona mnafungua duka."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshikwa. Mjini nilikuwa na meza yangu, mashine yangu, droo yenye ufunguo. Tangu niachishwe kazi sikuwa na mahali popote pa kusema hapa ni pangu. Niliitaka stoo ile kuliko nilivyotaka kurudi mjini.

Chupa ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilichemsha maganda kidogo kidogo kwenye sufuria la wali, nikayamwaga juu ya gunia la mahindi, nikayashindilia kwenye mifuko ya nailoni yakiwa bado yanachuruzika, nikachanganya mbegu. Haraka ya nini, sijui. Baada ya wiki moja mifuko yote ilikuwa na ukungu wa kijani. Nilimtukana mwalimu wa semina, nikaitukana chupa, kisha nikakaa juu ya ndoo nikalia.

Mama mkwe alisimama mlangoni. Hakuingia. Alinusa tu.

"Kimea kikilowa mno kinanuka hivi hivi," alisema.

Hapo lazima nieleze. Zamani, kabla hajachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, mama mkwe alipika mbege iliyosifiwa mpaka Tengeru. Kimea ni ulezi ulioloweshwa ukaota, na ndicho kinachoivisha pombe hiyo ya ndizi. Kwa miaka mingi alikuwa akijua kwa pua tu kama kitu kinachokua gizani kinakua vizuri au kinaoza. Pombe aliiacha, pua akabaki nayo. Pipa lake la kupikia lilikuwa limelala migombani, kuku wanatagia ndani.

Jumamosi iliyofuata aliwafukuza kuku, akalisugua pipa kwa majivu na kuliweka juu ya mafiga. Maganda yote yalichemka pamoja, kwa muda mrefu. Tukayaanika juu ya majani mabichi ya mgomba. Akaninawisha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kama mtoto. Halafu akachukua konzi moja, akaiminya.

"Likitoka tone moja, funga. Yakitiririka, unalisha ukungu."

Mbegu hakuruhusu ziingie mpaka maganda yapoe kiasi cha kuvumilika kwenye kifundo cha mkono. Nilimtazama nikajisikia mjinga, tena mjinga mwenye furaha.

Moshi wa pipa lile ulionekana mbali. Kufika adhuhuri wazee watatu wa jirani walikuwa wameshakaa kwenye benchi letu, wamevaa makoti, kila mmoja na kikombe chake mfukoni.

"Tumesikia pipa limerudi," alisema mmoja.

"Limerudi kwa maganda," alijibu mama mkwe.

Mzee aliinuka, akachungulia ndani ya pipa kwa muda mrefu. "Sasa hii," akauliza kwa upole, "utaichuja na nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe naye alicheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Kesho yake, baada ya ibada, mchungaji alimwita pembeni kumuuliza kama kuna jambo lolote linalomsumbua moyoni.

Safari hii nyuzi nyeupe zilitambaa. Kila asubuhi nilipoingia, mifuko ilikuwa myeupe zaidi, na ilinukia kama msitu. Nilijifunza kwamba nyuzi zile ndizo uyoga wenyewe, zinayeyusha ugumu wa maganda na kuyala polepole. Kile tunachokaanga ni tunda lake tu. Lakini tunda halikuja. Nilitoboa mifuko, nikamwagia maji sakafuni, nikaomba. Mawingu yakaanza kulala juu ya Meru.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Kulipokucha mama mkwe alikuja na ng'ombe kwa kamba, wote wawili wamelowa. Sikubishana. Tulikuwa tumekubaliana. Nilitangulia kufungua mlango ili nitoe mifuko yangu.

Unyevu wa mvua ulikuwa umefanya ambacho ndoo zangu zilishindwa. Kwenye kila tundu la kila mfuko uyoga ulikuwa umechomoza, mashada kwa mashada, kijivu, mdogo kama masikio ya panya. Nilipiga kelele. Mama mkwe alisogea, akachungulia juu ya bega langu, kamba mkononi. Alinusa. Kisha akamgeuza ng'ombe, wakaondoka.

Siku tatu baadaye tulivuna beseni zima. Wazee wa benchi walirudi na vikombe vyao, tukawajazia mchuzi wa uyoga, wakaomba tena. Maganda yaliyochoka, yamekuwa laini na mepesi, nilimpelekea ng'ombe, akayala akaziacha nyasi.

Jumamosi mume wangu alipanda kutoka mjini. Alimkuta mama yake amechutama barazani, anapuliza moto kwenye mafiga yaliyohamishiwa huko, na ndani ya jiko lake, lile jiko ambalo mimi nilikuwa siruhusiwi kugusa mwiko, ng'ombe anacheua kando ya ndama mchanga.

"Shikamoo, Mama. Mbona ng'ombe yuko jikoni? Si mlisema ataingia stoo?"

"Marahaba," alisema mama mkwe, bila kuinua uso. "Stoo ina mwenyewe."