Tegu wa Baba Mkutanoni

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa upande wa Pito, siku baba yangu alipomtia tegu wake kikapuni na kumpeleka kwenye mkutano wa kijiji.

Tulikuwa tumehamia pale mwaka uliotangulia. Nyumba zilipangwa mstari, mashamba ya mahindi na ulezi yakabaki mbali, na vyoo vilikuwa vya kuhesabu. Watu walikwenda vichakani. Nguruwe nao walizurura huko huko mchana kutwa, wakijitafutia.

Jirani yetu, mama mmoja mjane, alichinja nguruwe wake kwa ajili ya Pasaka. Wanaume walipoipasua nyama walikuta punje nyeupe zimejaa kote, kama wali. Nyama yote ikafukiwa. Maneno yakaanza: analisha nguruwe wake uchafu, ana mkono mbaya. Mama yule akaacha kuja kisomo.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba ya mjane ilikuwa mojawapo. Kwa miezi mingi alikuwa akiona vipande vyeupe, bapa kama utepe, kila akienda haja kubwa, na hakumwambia mtu. Baada ya Pasaka ile alitembea hadi zahanati. Mganga akampa vidonge vya kutafuna na dawa ya kumfanya aharishe. Tegu akatoka, mnyoo mrefu kuliko baba mwenyewe. Mganga akamhifadhi kwenye chupa yenye dawa, akaifunga kwa nta, akamweleza baba habari yote. Mtu hupata tegu kwa kula nyama yenye punje ambayo haikuiva. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, na nguruwe akila kinyesi hicho, punje humwota mwilini. Hata mtu akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu, punje zaweza kumwota kwenye ubongo, akawa anaanguka kifafa.

Baba aliomba kuazima ile chupa.

"Jumamosi naipeleka mkutanoni," akaniambia.

"Baba, mimi ni mwalimu hapa. Nitasimamaje mbele ya watu?"

"Utasimama tu. Yule mama anabeba mzigo wangu."

Nilikasirika. Jumamosi asubuhi sikumpikia uji.

Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, baba alisimama, akaiweka chupa mezani.

"Ndugu zangu, huyu alikuwa tumboni mwangu. Mimi balozi wenu sina choo. Naenda kile kichaka cha nyuma ya nyumba ya dada huyu, na nguruwe wake alikuwa akila pale. Ni mimi niliyemwambukiza." Akamgeukia mjane. "Dada, nisamehe."

Watu walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Balozi, ulimlisha nini hata akarefuka hivyo?"

"Nyama ya nguruwe, mzee wangu. Kama unayokula wewe."

Kicheko kikakatika. Mjane akaisogelea chupa, akaitazama.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila choo uchimbe."

Nilikuwa nimeketi katikati ya wanafunzi wangu, watu wa umri wa mama yangu, na hakuna aliyenitazama kwa dharau. Walikuwa wakimtazama baba. Nikatamani kumwambia kila mtu pale kwamba yule ni baba yangu, ingawa wote walijua.

Wiki iliyofuata watu walikwenda zahanati wawili wawili, wengine kwa kujificha, yule mzee akiwa wa kwanza. Hadi mvua zinaanza, nyumba zetu kumi zote zilikuwa na choo, na nguruwe wakilishwa bandani.

Lakini choo cha kwanza baba hakukichimba kwetu. Jumatatu ile baada ya mkutano nilimkuta uani kwa mjane, shimo limefika kiunoni, udongo mwekundu umemganda kifuani. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba apumzike, nikashuka shimoni kumpokea jembe.