Tjitske na Sifa za Jirani

Miaka kumi na minane Tjitske aliishi na Wobbe, mwenyekiti wa chama cha kuteleza kwenye barafu, kipenzi cha mji mzima wa Harlingen. Mtu wa watu huyo! Wazee aliwashika mkono wasianguke, watoto aliwafunga kamba za viatu. Nyumbani, mkewe akichelewa kuweka viazi mezani, alimsukuma nje bustanini na soksi tu, katikati ya Januari, akafunga mlango. Mtaa ule hakuna afungaye pazia hata taa zikiwashwa. Ila kila sauti ya Wobbe ilipopanda, jirani yao Froukje alivuta la kwake. Mstaarabu kweli.

Siku aliyovunjwa mkono, Tjitske aliondoka na hakurudi. Watu wakadhani yamekwisha. Yamekwisha wapi! Akisikia funguo zikigongana tu, jasho linamtoka. Akijikwaa kwenye kiti, anakiomba radhi. Daktari wake, bingwa wa mabingwa, alimshauri apate hewa safi. Kana kwamba ile ya bustanini haikumtosha. Mwaka mzima ulipita kabla hajampata mwanasaikolojia aliyemwambia, "Huna wazimu, Tjitske. Mwili wako bado unakulinda." Maneno hayo yalimliza wiki nzima.

Akajifunza ufundi wa baiskeli, akapata kazi kwenye karakana karibu na bandari. Huko ndiko Froukje alikomfuata, gurudumu limetoboka, tabasamu hadi masikioni.

"Jamani Tjitske, una roho ya chuma! Tumekupendekeza upewe maua siku ya wanawake. Yale mateso yamekukomaza, mwenzangu."

"Yamenikomaza?" Tjitske hakuinua macho kwenye tyubu. "Basi kakae na wewe bustanini na soksi, ukomae."

"Loo! Mimi nilikuwa sijui..."

"Hujui, na pazia ulikuwa unalivutia nini? Jua la Januari linakuunguza?"

Froukje akaangua kilio, akangoja kubembelezwa. Tjitske akabandika kiraka, akajaza upepo, akamsukumia baiskeli yake.

"Maua mpelekeeni mwenyekiti wenu."

Jirani alipoondoka, mwenye roho ya chuma alikwenda nyuma ya karakana akaketi juu ya kreti nusu saa nzima. Kisha akanawa uso, akarudi kazini.

Hadi leo humwona mwanasaikolojia wake kila Jumanne, na zipo siku hawezi kutoka kitandani. Hizo hakuna anayezitungia hotuba.