Makapi ya Mama Chekeche

Kwa miaka kumi na tisa Mama Chekeche alisaga mawe ya watu katika maabara, na miaka yote hiyo hakuchoka kujisifu. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Jiwe linaingia kinuni, linatoka unga, unga unapita kwenye chekeche, kisha unapelekwa chumba cha pili kupimwa. Kisichopita hurudishwa kinuni mpaka kipite. Sheria hiyo aliwafundisha wenzake yeye mwenyewe, kidole juu, utadhani aliizaa.

Ndipo yakaja mawe ya zambarau. Aliyaleta mtaalamu wa miamba, binti mrefu mwenye viatu vya vumbi, ambaye aliyatoa katika mshipa wa mwamba wa chembe kubwa kubwa, yamechanganyika na mawe meupe na fuwele za waridi. Alisema ni mika, ila si ile ya kila siku. Hii hupatikana kwa nadra, na ndani yake mna lithiamu inayotengenezewa betri. Mama Chekeche alilikwaruza jiwe kwa ukucha, likakwaruzika. Akalibandua, likatoa tabaka jembamba kama ganda la kitunguu.

"Jiwe gani laini hivi?" alicheka. "Hili nalisaga kwa meno."

Jiwe likamcheka yeye. Mika haikubali kuwa unga, inabanduka tu. Kila alipoisaga ilizidi kuwa nyembamba, ikalala juu ya chekeche ikimeremeta, haina habari na mtu. Akairudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgongo ukauma, chai ikapoa. Mwishowe, kwa busara ya mtu anayeyajua mawe kuliko yanavyojijua yenyewe, akaamua kuwa hayo ni makapi. Akayamwaga kwenye ndoo, unga wa mawe meupe uliopita akaupeleka kupimwa, akaenda kunywa chai.

Majibu yakatoka: lithiamu hakuna, labda chembe mbili tatu. Binti akaja mbio. Alichukua kipande cha jiwe lilelile, akakishika kwa koleo juu ya jiko la gesi la chumba cha chai. Ncha yake ikayeyuka upesi, na moto ukageuka mwekundu.

"Lithiamu hiyo," alisema. "Sasa kwenye karatasi yenu imeenda wapi?"

Mama Chekeche alijua imeenda wapi. Lakini mdomo wake, ambao haujawahi kungoja ruhusa, ulikuwa umeshatangulia.

"Labda mashine ya kupimia."

Mashine hiyo iliendeshwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole asiyejua kujitetea. Mkuu wa maabara akatamka kwamba kesho saa nne atamwita ofisini, na kama kosa ni lake, kazi basi.

Asubuhi Mama Chekeche alisimama mbele ya ndoo akijaribu visingizio kama mtu anayejaribu kofia sokoni. Chekeche limechakaa. Macho yamezeeka. Hakuna kilichomkaa. Saa nne akaingia ofisini na ndoo yake, shemeji akiwa amesimama kando ya meza.

"Lithiamu yenu hii hapa," alisema. "Nimeitupa mimi."

"Nani alikufundisha kutupa?" mkuu aliuliza.

"Nilijifundisha mwenyewe. Na nilifaulu vizuri sana."

Mkuu hakucheka. Alisukuma mbele karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa barua ya shemeji, imetiwa sahihi, akikiri kwamba kosa ni lake na akiomba radhi.

"Shemeji, wewe umekosa nini?" Mama Chekeche aliuliza. "Hukuikagua mashine?"

"Niliikagua mara sita. Ilikuwa sawa."

"Sasa?"

"Wewe ulisema ni mashine," alijibu taratibu. "Nikajua mimi ndiye nisiyeona."

Mama Chekeche aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Akalia pale pale mbele ya mkuu, ndoo mkononi.