Picha ya kwanza isiwe ya kaburi

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Sia amepiga magoti mbele ya kompyuta yake, mkononi ana pini ya mtandio. Anaiingiza pini kwenye kitundu kidogo, anasukuma taratibu, na droo ya kuwekea CD inatoka nusu. Nusu iliyobaki anaivuta kwa vidole.

"Imeamka," anasema bila kugeuka.

Nyuma yake, kwenye ukingo wa kitanda, amekaa Léonidas Nimbona, Mrundi ambaye ni mlinzi wa ghala moja la Mobeni, eneo la viwanda la Durban. Bado amevaa sare, kwa sababu ametoka lindoni moja kwa moja. Chai aliyopewa imepoa. Anatazama simu yake, halafu anatazama droo ile, halafu anarudi kwenye simu.

Saa sita mchana mfanyabiashara aitwaye Cyprian anapanda basi hapa katikati ya Durban kuanza safari ndefu ya kurudi Kigoma. CD yenye picha za maziko ya Tina, mke wa Nimbona, inatakiwa iwe mfukoni mwake. Jumamosi ijayo ukoo wa Tina unakutana Kasulu kuondoa matanga. Mama mzazi wa Tina, ambaye hakuweza kuja kuzika, ameomba kitu kimoja tu: aone mtoto wake alivyopelekwa.

Na saa nne asubuhi umeme wa jengo zima utazimwa. Mwenye nyumba amebandika tangazo kwenye mlango wa lifti, ambayo yenyewe ilikufa siku nyingi. Mafundi wanakuja kubadilisha nyaya, na umeme hautarudi mpaka jioni.

Sia ana CD tupu tatu. Duka alilokuwa ananunua limeacha kuziuza.

Mama huyu mwenye miaka 54, mzaliwa wa Marangu, anaishi ghorofa ya nne katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko dogo na meza ya kompyuta. Siku za kazi anafungasha sabuni kiwandani, huko huko Mobeni. Jioni na mwisho wa wiki anachoma picha za watu kwenye CD: ubatizo, harusi, mahafali, misiba. Anatoza randi themanini. Mwenye msiba analipa akipata, na wengine Sia hawaulizi tena.

Wapo wanaomcheka. Siku hizi kila mtu ana simu, wanamwambia, nani anataka CD?

"Picha ya simu mtu anaiangalia peke yake, kwa kidole," anajibu Sia. "Nyumbani watu wanataka kukaa pamoja. TV iwashwe, shangazi aulize huyu nani, mjomba amjibu, watoto wanyamazishwe. Hapo ndipo wanajua kweli mtu wao ameoa, au kweli amekufa."

Mama yake Tina ana sababu nyingine. Simu yake ni kitochi, haioneshi picha. Nimbona alipopendekeza azitume kwenye simu ya kijana wa jirani, mama alikataa.

"Aliniambia mtoto wake asizunguke kwenye masimu ya watu akiwa ndani ya sanduku," anasimulia Nimbona. "Akasema, lete kwa mukono wa mutu. Vraiment, kweli kabisa, nikaja kwa dada Sia."

Sia anabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa kijani unaanza kutambaa. Nimbona anasogea mbele, viwiko juu ya magoti, kama mtu anayemsikiliza daktari. Mstari unafika nusu, unapita nusu, unakaribia mwisho. Kisha mashine inakwaruza, inanyamaza, na maandishi mekundu yanatokea.

Sia anaitoa CD na kuigeuza dirishani. Ina pete ya ukungu ukingoni.

"Pole, shemeji. Hii imeharibika."

"Zimebaki mbili?"

"Zimebaki mbili."

Anamwita shemeji kwa sababu ya Tina. Kwa miaka tisa wanawake hao wawili walikaa benchi moja kanisani kwenye ibada ya Kiswahili, na Tina ndiye aliyekuja kulala katika chumba hiki siku ambazo Sia hakuweza kulala peke yake.

Hizo zilikuwa siku alipofariki mumewe, Gadiel. Kompyuta hii ilikuwa yake. Gadiel alikuwa mpiga picha wa sherehe za Watanzania, tangu katikati ya mji hadi Westville kwa wanafunzi wa chuo. Wakati ule kazi ya Sia ilikuwa kuandika majina juu ya CD kwa kalamu ya wino mzito, maana mwandiko wa Gadiel ulikuwa mbaya.

"Kitu kimoja kilinigombanisha naye," anasema. "Hakufuta picha. Hata aliyefumba macho, hata iliyotikisika. Namwambia, Baba, mashine imejaa, inakwenda kama konokono. Ananijibu, huwezi kujua nani ataitaka."

CD ya pili inakwenda mpaka mwisho. Nimbona anapumua kwa sauti na kusimama.

"Kaa kwanza," Sia anamwambia. "Hatujaionja."

Chini ya meza kuna TV ndogo na deki ya zamani, ya aina zinazopatikana bado katika nyumba nyingi huko nyumbani Tanzania. Hakuna CD inayotoka chumba hiki kabla ya kupita kwenye deki hiyo. Sia anaiingiza, anabonyeza kitufe, na wote wawili wanangoja.

Picha ya kwanza inatokea. Ni shimo. Udongo mwekundu pembeni, sepetu mbili, na viatu vya watu.

Picha ya pili ni jeneza linashushwa. Ya tatu ni watu wakiwa bado nyumbani, wanaimba.

Kosa si la mtu. Picha zilipigwa na waombolezaji watatu, kwa simu tatu. Kila simu inazipa picha majina yake, na deki inazipanga kwa majina hayo, si kwa saa zilipopigwa. Kwenye kompyuta Sia alikuwa ameziona zimekaa sawa.

"Mama atawashiwa TV aanze na shimo," anasema Sia.

"Acha tu, dada. Iende hivyo." Sauti ya Nimbona imeshuka. "Saa inapita. Basi haingojee mutu. Atajua tu."

"Shemeji, hapana. Wewe ulianza na shimo? Wewe ulianza na Tina."

Kwa hiyo anarudi kwenye kiti na kuanza kuzipa picha namba, moja moja: nyumbani, kanisani, barabarani, makaburini, na mwisho mashada. Vidole vyake vimekakamaa kwa kazi ya kiwandani, na mara mbili anakosea inabidi arudi nyuma. Akifika karibu na mwisho anasimama.

"Nipe moja akiwa hai. Tuiweke mbele kabisa."

Nimbona anatikisa kichwa. Picha zote za nyumbani kwao zilikuwa kwenye simu ya Tina, na simu hiyo iliibwa wodini wiki ile ile ya mwisho. Yeye mwenyewe simu yake ni mpya. Tina hakupenda kupigwa picha pia. Alikuwa na jino moja lililovunjika mbele, na kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mama yake mara ya mwisho alimuona ni zamani," anasema. "Alikuwa kasichana. Sina kitu, dada. Niko nakwambia ukweli, sina."

Saa tatu imepita. Simu inalia. Ni Cyprian, na sauti yake inajaa chumba kizima.

"Bwana Nimbona! Mzigo wangu uko wapi? Au mnaichoma kwa kuni?"

"Inakuja, kaka. Inakuja."

"Mimi nakungoja, lakini dereva hana undugu na sisi."

Sia hasikilizi. Amefungua mafaili ya Gadiel. Anapita ubatizo wa mtu, kipaimara, harusi ya watu ambao wameshaachana. Mashine inakwenda taratibu; kila folda inafunguka kama mtu mzee anayenyanyuka kitini. Nimbona anatembea hatua tatu hadi mlangoni na kurudi. Chini barabarani magari ya abiria yanapiga honi.

Kisha Sia anaweka kidole juu ya kioo.

Ni sherehe ya Krismasi ya kanisa. Gadiel alikuwa anampiga picha mchungaji, na mchungaji ametoka nusu uso. Pembeni, nyuma ya kiwiko cha mtu, yuko Tina. Amebeba kwa mikono miwili sahani iliyojaa pomoni, na mtu amemwambia jambo la kuchekesha. Anacheka mdomo wazi. Jino lile linaonekana. Mikono yote ina kazi, hakuweza kujifunika.

Nimbona anainama karibu na kioo. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko saa inavyoruhusu, na Sia anamwacha.

"Eeh, Tina," anasema hatimaye. "Ulipatikana."

Sia anamkata mchungaji, anamvuta Tina katikati, anampa namba moja. CD ya mwisho inaingia. Safari hii anapunguza mwendo wa kuchoma hadi ule wa chini kabisa, kwa sababu anahisi haraka ndiyo iliyoiharibu ya kwanza.

Zimebaki dakika chache kufika saa nne wakati mlango unagongwa. Ni Khadeeja, jirani wa ghorofa ya kwanza, mzaliwa wa Durban ambaye babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki. Kiswahili chake amekiokota kwa Sia, kipande kipande.

"Eish, Sia! Mafundi wamefika. Wako na boksi la umeme, wanataka kuzima."

"Mungu wangu. Dada, bado inachoma. Halafu lazima ijifunge. Isipojifunga, deki ya kule itaonesha kioo cha bluu tu."

Khadeeja anamtazama Nimbona, anatazama mstari wa kijani, na hahitaji kuelezwa zaidi. Alikuwapo makaburini. Anageuka na kushuka ngazi, na kandambili zake zinasikika ghorofa zote.

Mstari unatambaa. Sia ameshika meza kwa mikono miwili. Nimbona midomo yake inatembea bila sauti. Kila taa ya kompyuta inapopepesa, wote wawili wanashtuka. Saa nne inafika na kupita, na umeme bado upo.

Mashine inanyamaza. Pini, droo, deki. Kwenye TV ndogo Tina anatokea, sahani mkononi, anacheka. Baada yake watu wa nyumbani wanaimba. Baada yao kanisa. Kaburi liko mbali kule mwisho, mahali pake.

Sia anaitoa CD na kuandika juu yake jina la Tina, kwa herufi kubwa. Khadeeja anachungulia tena, anahema.

"Sharp? Imekwisha? Nimewapa chai na sambusa. Fundi mkubwa amekula nne. Mtu hawezi kuzima umeme wa mwenye sambusa, lakini zimeisha sasa."

"Waambie wazime, mpenzi," anasema Sia. "Waambie na asante."

Nimbona anaondoka na CD ikiwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi, ndani ya shati lake la sare. Kabla hajamaliza ngazi, feni ya chumbani kwa Sia inazimika: umeme umekatwa.

Cyprian hakuiweka kwenye begi, maana mipakani mabegi yanarushwa. Aliivaa kifuani. Siku ya pili alituma ujumbe kuhusu CD: "Nimevuka. Mgonjwa wenu mzima." Baada ya hapo, kimya.

Sia anasema wiki hiyo kiwandani alifunga maboksi mengine bila sabuni ndani, akarudishiwa. Aliwaza jua kwenye kioo cha basi, aliwaza kama deki ya Kasulu ni ya aina nyingine. Mpaka nyumbani wapige simu kusema wameona, kazi kwake haijaisha. Jumamosi ya matanga ilipita bila simu.

Jumapili jioni Nimbona anapanda ghorofa nne akiwa ameshika simu mbele yake kama kikombe kilichojaa. Kwenye simu yupo mama mkwe wake, amepewa simu ya kijana wake mkubwa.

"Huyo Sia yupo?" sauti inauliza.

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wameiwasha jana. Imewaka vizuri. Nikawaambia wasimamishe pale pale mwanzo. Zile nyingine sijaziangalia. Watu wamekaa mpaka wameanza kukohoa, nikasema nendeni mkale."

Sia anasogeza sikio karibu na simu.

"Ile sahani," anaendelea mama. "Ilikuwa na nini?"

Nimbona anamtazama Sia. Yeye Krismasi ile alikuwa lindoni.

"Pilau, mama," anasema Sia. "Nilimpakulia mimi mwenyewe."

"Alikuwa anakula, basi? Huko?"

"Alikuwa anakula, mama. Hiyo ilikuwa sahani ya pili."

Kwa mbali jogoo anawika Kasulu, na mtoto anaitwa. Kisha mama anavuta pumzi.

"Haya," anawaambia walio naye. "Basi mniwashie. Nitaziangalia na zile nyingine."

Simu ikishakatwa, Nimbona anabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, mimi sina deki. Hata TV sina," anasema. "Lakini na mimi nataka yangu."

Sia hana CD tupu hata moja. Kesho akitoka kiwandani atazunguka maduka ya simu ya mjini kuulizia, na Khadeeja ameahidi kuuliza kwa ndugu zake. Anaomba pia mashine ivumilie mpaka amalize kupitia picha zote za Gadiel, hasa zile zilizotikisika, awatafute waliosimama pembeni. Akipata CD moja tu, itakuwa ya Nimbona, na juu yake ataandika tena jina la Tina.