Mapanga ya Makoriko

Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi haikutuacha pale Mabibo. Mvua ikikatika ilipanda kutoka sokoni, ikapenya madirishani na kukaa kwenye nguo, na mama, aliyekuwa akiuza ndizi huko huko, alirudi nayo jioni kwenye kanga zake. Msimu ninaousimulia harufu hiyo ilichanganyika na hofu. Vijana wenye mapanga walikuwa wakivamia nyumba mchana kweupe. Muuza chipsi wa kona alichanwa uso kuanzia sikio hadi kidevu kwa sababu ya simu, na mtaa mzima ukaanza kutembea na marungu. Mimi nilikuwa darasa la tano. Hata sisi watoto tulibadilika: mchezo wetu mkubwa ukawa kukamata mwizi na kumpiga, na aliyekuwa mwizi alirudi kwao akilia kweli.

Kaka yangu Festo hakuogopa kwa sababu hakuwepo. Mwili ulikuwa Mabibo, akili ilikuwa Makoriko, nchi aliyoibuni mwenyewe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawa anashinda stationari kwa dada Neema akimsaidia kutoa kopi, na kompyuta ikikosa kazi alifungua programu ya kuchora ramani. Nilikaa pembeni yake nikaangalia. Unavuta mstari wa pwani kwa mausi, unamwaga milima, unapanda msitu, halafu unachagua vialama: ngome, joka, moto, na mapanga mawili yaliyopishana pale palipopiganwa vita. Ila Festo hakujua mito hupindaje, kwa hiyo akaiga vichochoro vyetu, kona kwa kona. Soko likawa ziwa. Na nyumba ya Baba Rehema, mkuu wa sungusungu, walinzi wetu wa mtaa, aliyewahi kumzaba kibao mbele za watu, ikawa ngome ya adui: moto juu ya paa, mapanga mawili mlangoni. Tulicheka mpaka dada Neema akatufukuza.

Ramani ilipokamilika ikabidi itolewe. Festo aliita kazi hiyo kueksipoti, tena kwa maringo, utadhani ni korosho zinapelekwa ng'ambo. Printa ya dada Neema ilikuwa ya karatasi ndogo tu, hivyo programu iliikata ramani vipande vipande, kila kipande ukurasa wake, ukaviunganishe mwenyewe nyumbani kwa uji wa ngano. Wino ukaisha kwenye kipande cha mwisho, cha pembeni, chenye jina la nchi. Dada Neema alimwambia asubiri abadilishe wino, lakini Festo na subira wapi na wapi. Alisema kile tutakifuata baadaye, tukaenda kuitandaza ramani uani.

Mpangaji mwenzetu alipita na ndoo, akainama, akakiona kichochoro chake. Aliitua ndoo akatoka. Aliporudi alikuwa nyuma ya Baba Rehema, na nyuma yao wanaume wamejaa mlangoni na marungu na nondo.

"We kijana, hii nini?"

"Shikamoo, Baba Rehema. Ramani."

"Naona ni ramani. Hapa penye mapanga ni kwa nani?"

Festo hajui kudanganya, na siku ile nilimchukia kwa hilo. "Kwako," akasema.

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Wakamburuta hadi mbele ya geti la Baba Rehema, akaonyeshwe nyumba aliyopanga kuivamia, na ramani ikabebwa kama ushahidi. Wanaume niliowaamkia asubuhi walimpiga kwa nondo, kwa mateke, kwa tofali. Wanawake walipiga kelele za "Ua! Ua!" na kijana mmoja akaja akiviringisha tairi. Harufu ya petroli ikazishinda ndizi. Nilipiga yowe kwamba nchi ile haipo, nikasukumwa, nikaanguka. Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kipande.

Sijawahi kukimbia vile maishani. Dada Neema alikuwa ameshaweka wino mpya. Printa ilitoa karatasi mstari kwa mstari, ikisitasita, nami nikawa naipiga ngumi, namlilia Mungu na kuitukana kwa pumzi moja. Karatasi ilipotoka dada Neema aliacha duka wazi akaja nami, maana neno la mtoto nani angelisikiliza?

"Baba Rehema, soma kwanza!" alipayuka akiwapasua watu. "Mtoto alikuwa anacheza na kompyuta yangu, mnataka kuua bure nyie!"

Baba Rehema alikilinganisha kipande na ramani hadi mto ukaungana na mto. Akasoma taratibu: Makoriko, nchi ya kubuni, imechorwa na Festo. Kisha akasema, "Muacheni." Wakaacha. Isipokuwa mmoja, aliyechelewa kufika na hakuwa amepiga bado. Aliinua nondo akaishusha kwenye mkono wa kulia wa Festo, na mifupa niliisikia. Hakuna aliyeomba radhi. Tairi likaviringishwa likarudi lilikotoka.

Vidole vya mkono ule havijakunjuka mpaka leo. Festo huchora kwa mkono wa kushoto, na waandishi wa hadithi walio nchi za mbali, ambao hajawahi kuwaona, humtumia majina ya milima na falme zao awachoree. Kabla hajavuta pwani huandika katikati ya ramani, kwa herufi kubwa: NCHI HII HAIPO. Huyafuta maneno hayo dakika ya mwisho, anapoitoa. Nilimtania siku moja, mbona asiyaweke pembeni kama wenzake. Hakucheka. "Wakiwa wanakupiga," alisema, "nani anasoma pembeni?"

Baba Rehema amezeeka. Nampa shikamoo yake kwa sababu mama alinilea hivyo, ila kusamehe sijasamehe. Mtaa umewekwa lami, geti limepakwa rangi, na siku hizi nikifungua ramani ya simu naviona vichochoro vyetu vyote, maduka na majina yake, hata chipsi za kona zipo. Mbele ya geti lile hapana alama yoyote. Ramani ya Festo ninayo mimi, imekunjwa, damu yake imeshakuwa rangi ya kahawia. Kati ya hizo mbili, ya Festo ndiyo iliyosema kweli: mapanga yako pale pale, mlangoni.