Anayepigwa Anapisha

Sauti ndiyo iliyoanza. Jumamosi iliyopita nilikuwa sebuleni kwangu, hapa Pangani ya Kibaha, nanyoosha mashati ya kuendea kazini Dar wiki nzima, mara mwanamume mwenye koo zito akatamka nyuma yangu, "Raundi wani." Sikuwa nimeisikia sauti ile kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Pasi ikasimama juu ya mgongo wa shati jeupe na mimi nikasimama nayo, mpaka binti yangu Rehema aliponiambia kwa upole, "Baba, shati linaungua."

Rehema ana miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni, pedi mkononi, akanieleza kwamba hilo ni gemu la zamani la kupigana ambalo wametoa toleo lake jipya kwa watu wa sasa. Picha wameziremba, muziki wameupiga upya, na unaweza kupigana na mtu aliye nchi nyingine bila kutoka nyumbani. Alinieleza taratibu, maana anajua baba yake hata simu humshinda. Nikamwacha amalize. Sikumwambia kwamba wapiganaji wote waliojipanga pale kwenye kioo nawajua mmoja mmoja, na kwamba yule bibi kizee wa pembeni, aliyeinamia fimbo yake, ndiye nisiyetaka kumtazama. Siku hiyo hiyo tulikuwa tunamngoja mgeni kutoka Kurui, dada yangu Zaina, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani umeme ukatike.

Zaina ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Kwao Kurui, kule Kisarawe, shule ilikuwa mbali na nyumbani, kwa hiyo alipoingia darasa la nne aliletwa kwetu Mlandizi asome. Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tatu, yuko darasa la sita, na hesabu alikuwa akizimaliza mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Alisema atakuwa mwalimu wa hesabu, tena wa sekondari, avae miwani hata kama macho hayamuumi. Mimi nilimfuata kila alikokwenda. Mama alikuwa akinitania kwamba Zaina akipotea siku moja, mimi nitasahau hata njia ya chooni.

Nyuma ya mashine ya kusaga nafaka palikuwa na kibanda cha gemu cha Kaka Mrisho. Kilikuwa cha mabati, na ndani mlikuwa na benchi moja, televisheni ya chogo, na mashine ya gemu iliyochoka kiasi kwamba haikusoma diski mpaka uigeuze juu chini na kuikandamizia kipande cha tofali. Vumbi la unga lilipenya kutoka kwa jirani likatua juu ya kila kitu, nasi tulitoka mle na nyusi nyeupe. Nikisikia harufu ya mahindi yanayosagwa mpaka leo, vidole gumba vyangu vinacheza vyenyewe. Jalada la diski lilikuwa limepotea, hivyo jina la gemu hatukulijua. Tuliliita Ngumi, basi. Ukutani Kaka Mrisho alibandika kipande cha boksi alichokiandika kwa mkaa: ANAYEPIGWA ANAPISHA. Ukishindwa, unanyanyuka na kumpa pedi anayefuata. Ukishinda unabaki umekaa, hata kama umekaa tangu adhuhuri na watu wanakulaani.

Wavulana wote walichagua wale wanaume wenye vifua vipana. Zaina alimchagua Bibi Fimbo, kizee ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu alikuwa anatembea polepole kama anaenda kuteka maji. Walimcheka mara moja tu. Kulikuwa na pigo moja la Bibi Fimbo ambalo Zaina peke yake ndiye aliyelijua. Kizee aliinama kama ameishiwa pumzi, halafu fimbo ikazunguka na mtu akaenda chini. Wakubwa wa darasa la saba walimbembeleza awafundishe, wakamletea maandazi, akala maandazi na hakusema neno. Mimi nilikaa pembeni yake kwenye benchi nikijiona kama mimi ndiye niliyeshinda.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ilikuwa Ijumaa baada ya shule, na Zaina alikuwa amewapiga watu tisa mfululizo bila kunyanyuka. Katikati ya pambano la kumi, akiwa anashinda, alisita. Akanisukumia pedi mapajani. "Shika," akasema, akanyanyuka, akafunga sweta lake la shule kiunoni na kutoka nje. Kizee nikamwaibisha, alikufa kabla sijajua kitufe kipi ni kipi. Wavulana wakashangilia kwamba Zaina amekimbia. Na mimi, nilipogeuka kuangalia pale alipokuwa amekaa, juu ya ule unga mweupe wa benchi, niliona doa dogo jekundu.

Nililifuta kwa kiganja kabla mtu hajaliona. Hilo najipa sifa, ndilo pekee nililofanya sawasawa. Nikamkimbilia, nikamkuta karibu na barabara, nikamuuliza nani amemuumiza. Akasema hakuna. Nikamwonyesha kiganja. Akanishika mkono akausugua kwa mchanga mpaka ukaniwasha, huku akiniangalia machoni.

"Usimwambie mtu, Hamisi. Na Bibi ndiyo kabisa."

Nikaapa. Bibi, yaani mama mzaa mama zetu, alikuwa amekuja kutoka Kurui siku mbili kabla, na muhogo wake na kunde zake, kutusalimia.

Nieleweni, nilikuwa na miaka tisa. Nilichokijua kuhusu damu ni kwamba ikitoka nyingi mtu anakufa. Nilikuwa nimewaona watu kwenye Ngumi wakipigwa mpaka wanatema nyekundu, na akilini mwangu mapambano yale kumi yalikuwa yamepasua kitu ndani ya Zaina. Asubuhi iliyofuata alikuwa amejikunja mkekani, hataki chai, ameshika tumbo. Mama alikuwa ameenda sokoni. Uani Bibi alikuwa anabambua kunde, na alikuwa mtu mzima pekee pale nyumbani. Nilizunguka uani mara tatu, nikaokota maganda, nikayatupa. Kisha nikapiga magoti mbele yake nikaanza kulia, nikamwambia Dada Zaina anatoka damu na amenikataza kusema na atakufa.

Bibi hakushtuka. Aliweka ungo chini, akanishika mashavu yote mawili. Tangu nizaliwe alikuwa akiniita mume wake, kama bibi wa kwetu wanavyofanya. "Mume wangu," akasema, "weye umeniletea habari ya heri. Wenzio wamenificha." Akasimama na magoti yake yale mabovu, akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho kilimtoa jirani jikoni kwake.

Zaina alitokea mlangoni. Aliponiona nimepiga magoti pale kwenye maganda ya kunde, aligeuka. Alirudi ndani. Mama aliporudi na kikapu chake akakuta tayari majirani wawili wako uani na Bibi anapanga safari. Namkumbuka Mama amesimama, kikapu bado mkononi, akisema, "Mama, mwache amalize shule kwanza, imebaki mwaka mmoja na kidogo." Bibi akamjibu bila ukali wowote kwamba shule haijaota mabawa, ila mtoto wa kike akivunja ungo huwekwa ndani, kama yeye Mama alivyowekwa, na kama yeye Bibi alivyowekwa. Mama akashusha kikapu chini. Aliniangalia. Nilingoja anipige, na ningefurahi angenipiga, lakini alipita akaenda kupanga nguo za Zaina.

Jumapili waliondoka kwa lori lililokuwa linaenda upande ule kufuata mkaa. Zaina alifunikwa kanga kichwani mpaka usoni, ameketi kati ya Bibi na dereva. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka njia panda, nikipiga kelele kwamba nimesema uongo, hakuna damu, nimedanganya. Dereva akanipigia honi nipishe njia.

Likizo ya mwezi wa sita ikaanza ikaisha. Mama alinichukua Kurui mara moja tu, shule zilipokuwa zimeshafunguliwa. Zaina alikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya udongo, mwali, haruhusiwi kuonwa na mwanamume yeyote, na ajabu ni kwamba katika hesabu ile hata mimi niliyekuwa sijui kufunga kamba za viatu nilihesabiwa mwanamume. Wanawake walikuwa wakiingia na kutoka na vyakula vizuri, wanaimba, wanacheka, na nyumba nzima ilikuwa na furaha ya kweli. Hilo lilinichanganya zaidi. Ningejua la kufanya kama wangekuwa wanamtesa. Nilijifanya nafukuza kuku, nikaenda mpaka nyuma ya kile chumba, nikachuchumaa chini ya upenu.

"Dada Zaina."

Mkeka ukalia. "Shule wamefungua?" akauliza kwa mnong'ono.

"Wamefungua."

"Hesabu wamefika wapi?"

Sikujua. Nilikuwa darasa la tatu, ningejuaje, lakini niliona aibu kana kwamba nilipaswa kujua. Nikamwambia kwamba pale kibandani hakuna anayekaa muda mrefu siku hizi, kila mtu anapigwa. Hilo lilikuwa kweli. Alicheka kidogo puani. Halafu akaniambia niweke sikio ukutani, akanifundisha lile pigo la Bibi Fimbo: chini, nyuma, chini, mbele, kisha ngumi zote mbili kwa pamoja. Akanirudisha mwanzo mara tatu mpaka nikalishika.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Simwambii."

Mkeka ukalia tena. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyemwambia Bibi. Nilifungua mdomo kabisa. Akatokea mama mmoja na sufuria, akanifukuza kama anavyofukuza kuku, nikakimbia.

Zaina alitolewa mwaka ule mwishoni, kwa ngoma kubwa na pilau. Wenzake walikuwa wanajiandaa kuingia la saba. Mwalimu mkuu alisema arudie darasa, baba yake akasema watazungumza, na mazungumzo yale hayakufanyika. Baada ya miaka michache akaolewa pale pale Kurui. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia alitunzwa vizuri, na ni kweli alitunzwa. Mimi nilisoma mpaka nikachoka. Nilipokuwa nimeshaoa, Mama aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba alijua tangu mwezi wa tatu, yeye na Zaina walikuwa wamekubaliana wafiche mpaka mtihani wa mwisho, na lile sweta zito la kwenye joto la Mlandizi yeye ndiye aliyelinunua. Mama hakulisema kunilaumu. Alikuwa anachambua mchele na lilimtoka tu, lakini mimi nilishindwa kula siku ile.

Basi Jumamosi iliyopita Zaina alifika, jasho usoni, na binti yake Asha mwenye miaka kumi na tatu. Asha amepata nafasi ya sekondari huku Kibaha, atakaa kwetu. Tulisalimiana, nikamwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia, akavua viatu, akaingia sebuleni na kusimama ghafla mbele ya televisheni.

"Kumbe huyu bibi bado yupo," akasema. "Wala hajazeeka. Nimezeeka mimi."

Rehema akampa pedi ya pili kwa adabu, kama mtu anavyompa mgeni maji. Zaina akakaa chini na kanga yake, akamchagua Bibi Fimbo. Raundi ya kwanza vidole vilikumbuka. Kizee akainama, fimbo ikazunguka, Rehema akabaki mdomo wazi. Baada ya hapo haikuwa hivyo tena. Vitufe vimeongezeka, mambo yanakwenda mbio, na mwanangu hajui huruma. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na pasi iliyopoa, natamani kumkonyeza Rehema amwachie hata moja, sikuweza. Zaina alipigwa mara mbili. Akanyanyuka bila kuambiwa, akampa Asha pedi.

Jioni nilimsindikiza kituo cha bodaboda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu asubuhi. Nimeyapanga miaka yote hii. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema mama mkwe wake atakuja mwezi ujao kumsalimia Asha, ni mtu mzuri sana, atakuja na muhogo. Akapanda pikipiki, akakusanya kanga yake magotini.

"Hamisi, ukiona chochote kwa huyu mtoto," akasema, "safari hii nyamaza."

Bodaboda ikaondoka kabla sijayatoa maneno yangu. Kumbe alijua. Alijua tangu pale mlangoni aliponiona nimepiga magoti, alijua siku ile nilipochuchumaa chini ya upenu, na bado alinipa lile pigo lake ambalo hakuwahi kumpa mtu, pengine aone kama safari ile ningenyamaza. Nimelinyamazia mpaka leo. Hata Rehema hanijui kwa hilo. Lakini mama mkwe ni bibi wa mtoto, nyumba yangu si ngome, na sijui mwezi ujao nitasimama wapi akianza kupanga safari uani kwangu. Nilirudi nyumbani taratibu. Nilifungua mlango nikasikia ile sauti nzito inaita raundi nyingine, na Rehema kasimama pembeni ameshika kiuno, analalamika kwamba Asha anawapiga watu wa nchi nyingine mfululizo na zamu yake haifiki. Asha alikuwa bado amekaa.